Nilishuhudia kanisani mwanangu kapona sikoseli, siku ya tisa akalazwa. Naombeni ushauri

MamaWawili_Mza:

Bwana asifiwe wapendwa, na wengine wote habari za usiku. Saa hizi ni saa nane, niko wodini nimekaa kwenye kindoo nilichokigeuza pembeni ya kitanda, mwanga wa simu nimeupunguza nisimwamshe. Mnivumilie nitaandika kirefu.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 9, ana sikoseli, ule ugonjwa wa kurithi wa damu ambapo chembe nyekundu zinajikunja kama mundu. Tuligundua akiwa na miezi 8, vidole vya mikono na miguu vilivimba vyote tukadhani dada wa kazi kamdondosha, kumbe ndo ugonjwa unaanza hivyo. Tangu hapo maisha yetu ni kliniki, vidonge vya foliki, dripu, kutafuta ndugu wa kutoa damu. Na maombi. Nimemwombea huyu mtoto jamani, nimefunga, nimekesha, kabatini kwangu kuna chupa nne za mafuta ya upako. Miaka miwili iliyopita dokta akamwanzishia vidonge vya haidroksiyurea na kiukweli vilimsaidia, mwaka mzima kalazwa mara moja tu wakati zamani ilikuwa karibu kila mwezi.

Sasa mwezi wa tatu tukawa na mkesha, mchungaji akaniita mbele akasema Bwana kamwonyesha mtoto ameshapona zamani ila mimi ndo nimeung'ang'ania ugonjwa kwa vile vidonge, nivilete niviweke madhabahuni. Vilikuwa kwenye pochi. Nikaweka. Nikapewa maiki nikashuhudia kwamba mwanangu kapona kwa jina la Yesu, kanisa zima vigelegele, na yeye mwenyewe anarukaruka pale mbele na soksi zake za shule. Ikarekodiwa, ikasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka mama mkwe Sengerema akaipata.

Siku ya tisa, alfajiri ya mvua, ikaanza mapaja na mgongo. Wenye hawa watoto mnajua wanavyolia. Huyu hakulia. Alijaza kanga yangu mdomoni akaing'ata mpaka ikatoboka. Namwambia lia baba, lia tu, akaitoa akaniambia, "Mama usiwaambie kanisani naumwa, watasema nimeurudisha."

Hapo ndo nilipoishiwa nguvu. Mtoto wa miaka tisa anaficha maumivu ili asimwaibishe Mungu na mama yake.

Wazee wa kanisa walikuja juzi, wanasema imani yangu iliyumba muujiza ukaondoka, mwingine akasema kuna laana ya ukoo upande wa kwetu. Jumapili wanataka nimpeleke tena, tuanze mfungo wa siku 21. Baba yake kasema kanisani hakanyagi tena na mtoto hampeleki mtu. Na jana mtoto kaniuliza, "Mungu hanisikii au mimi ndo sikuamini vizuri?" Nikamwambia lala.

Sitaki kumwacha Yesu. Ila nikifumba macho kuomba maneno hayaji, nabaki natazama dripu inavyodondoka. Mliopita hapa mlifanyaje? Na mtoto nimjibu nini?

Kilimahewa: Pole sana dada angu. Nimesoma hapo kwenye kanga nikaweka simu chini. Sina ushauri, nakuombea.

nesi_wa_zamu: Mama pole. Kabla ya yote, je dawa amesharudishiwa? Kama bado, asubuhi wakati wa raundi mwambie dokta ukweli wote, kwamba aliacha siku ngapi na kwa nini, usione aibu, sisi tunasikia haya kila siku, na dozi akupangie yeye kwa sababu lazima waangalie kwanza kipimo cha damu. Ile dawa inafanya mwili utengeneze kwa wingi ile damu ya utotoni ambayo haijikunji, ukiiacha faida yake inaisha taratibu na maumivu yanarudi.

La pili hiyo laana ya ukoo. Sikoseli mtoto anapata pale baba ametoa kinasaba kimoja na mama kimoja, wote wawili, hakuna upande wa kwenu peke yake. Na wazazi mkiwa hivyo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne, haijalishi mmeomba wala hamjaomba. Unajua kwa nini huku kanda ya ziwa tunao wengi? Kwa sababu mwenye kinasaba kimoja tu malaria kali haimmalizi kirahisi, kwa hiyo wazee wetu waliokuwa nacho ndo waliopona malaria wakazaa wakatuleta sisi. Kama unataka kuita jina, mimi siwezi kuita laana kitu kilichomvusha bibi yako.

Mtumishi_Asiyechoka: Dada shetani anakuwinda hapo. Ulipokea uponyaji ukaukana kwa kukimbilia hospitali. Neno linasema kwa kupigwa kwake tumepona, TUMEPONA, sio tutapona. Usisikilize wanadamu, rudi madhabahuni, funga hizo siku 21.

sikoseli_34: Mtumishi nakuheshimu ila naomba nipite hapa mimi, maana mimi ndo huyo mtoto, nimekua.

Nina miaka 34. Sikoseli SS, yaani kinasaba cha ugonjwa nimekipata kwa wazazi wote wawili. Mwaka 2011 mama alinipeleka Loliondo, Samunge kule kwa Babu, yule mchungaji mstaafu aliyekuwa anagawa dawa ya mitishamba, kikombe shilingi 500, mnaokumbuka mnakumbuka. Tulilala kwenye foleni ya magari, vumbi, baridi la usiku, na baridi ndo adui yangu namba moja, mama akanivalisha masweta yote mawili, lake na langu. Tukanywa. Simlaumu mtu yeyote, watu walienda na imani zao na mama alienda na yake. Tukarudi nyumbani na wiki iliyofuata nikashikwa nyonga.

Sasa sikiliza hapa mama. Majirani walikuja kuuliza vipi amepona? Nilikuwa nimejiandaa kusema ndio, maana nilimwonea huruma mama kwa ile nauli aliyokopa. Mama akanitangulia, akasema, "Bado anaumwa, na mimi bado naomba." Basi. Akaingia ndani akachemsha maji akaja kunikanda. Sikuwahi kudanganya kuhusu mwili wangu nyumbani kwetu. Leo hii mimi ni mkristo, naimba kwaya, besi, na ukiniuliza imani yangu imesimama wapi sitakutajia mahubiri hata moja, nitakutajia ile siku. Niliona inawezekana kuwa mgonjwa na kuwa wa Mungu siku hiyo hiyo.

Mwanao amejifunza kinyume, amejifunza akiumwa ni kosa. Anza kumtoa hapo. Mwambie alie.

Ukhti_wa_Chumbageni: Mimi Muislamu nisiingilie ya kanisani kwenu, ila Nabii Ayubu hata kwetu ni mfano wa subira na aliugua kweli kweli, sijasikia mtu akisema aliugua kwa kukosa imani. Dawa mpe mtoto mama.

Mchambuzi_Huru: Miaka tisa unaomba hakuna jibu. Jibu si ndo hilo? Achana na haya mambo utakuwa na amani.

MamaWawili_Mza: Kaka nimeliwaza hilo, sitakudanganya. Ila nikikata hapo, saa tisa usiku akianza kutetemeka nitamlilia nani? Mume wangu naye analia. Sijaomba ushauri wa kuondoka, naomba wa kubaki.

Nesi asante, dawa nitawaambia asubuhi. Sikuwa nimewaambia ukweli, niliandikisha kwamba ziliisha.

Mwinjilisti_Mstaafu: Binti yangu, shikamoo nimeipokea hata kama hujaitoa. Mimi ni mwinjilisti wa kilutheri, nimestaafu, nimezika watu wengi na mwaka 2019 nikamzika mke wangu kwa saratani ya shingo ya kizazi. Tulimwombea miezi kumi na minne. Kwa hiyo nisikie kama mtu aliyekaa kwenye hicho kindoo.

Wanaosema aliyeumwa amekosa imani hawajasoma Biblia yao mpaka mwisho. Paulo, huyo huyo ambaye leso zake ziliponya watu, anamwandikia Timotheo kwamba mwenzake Trofimo amemwacha Mileto mgonjwa. Amemwacha! Hakusema Trofimo ana laana. Timotheo mwenyewe tumbo lilimsumbua, Paulo akamwagiza mvinyo kidogo, yaani akamwandikia dawa. Mwenyewe Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke, haukutoka, akaambiwa neema yangu yakutosha. Mfalme Hezekia alipoponywa, nabii Isaya aliagiza abandikwe mkate wa tini kwenye jipu. Dawa na maombi havijawahi kugombana, wanaogombana ni sisi. Na lile swali la wazee wako liliulizwa zamani, ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake, soma Yohana 9 uone Bwana aliwajibu nini.

Kuhusu maneno kutokuja. Mimi yaliniisha mwezi wa sita wa ugonjwa. Nikafungua Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio mwishoni zinageuka shukrani, ile haigeuki, inaanza na kulia na neno lake la mwisho ni giza. Nikasema kumbe na hii imo ndani ya kitabu, basi hata mimi nimo. Nikawa naisoma kwa sauti kila usiku badala ya kuomba. Nikaacha pia kuomba "Bwana mponye" kwa muda, si kwa kukata tamaa, nilikuwa nimechoka kusikia kimya. Nikaanza kuomba vidogo, Bwana alale masaa mawili. Bwana ameze huu uji. Mengine yalijibiwa mengine hapana. Alikufa. Sijaelewa mpaka leo kwa nini, na nikifika nitauliza. Lakini sikuwa peke yangu mle chumbani, hilo nakuapia, ingawa siwezi kukuonyesha.

Mtoto usimpe jibu usilonalo. Akikuuliza Mungu hanisikii, mwambie "anakusikia, na kwa nini hujapona mama sijui." Watoto wanaivumilia sijui kuliko sisi.

Mtumishi_Asiyechoka: Mzee sijapinga dawa mimi, ila hatuwezi kufundisha watu kutokutarajia. Mungu anaponya, nimeona kwa macho yangu.

Mwinjilisti_Mstaafu: Na mimi nimeona mwanangu, sijakataa. Shadraka na wenzake walipotishiwa kutupwa kwenye tanuru la moto walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, wakaongeza "bali kama si hivyo". Tulihubiri la kwanza tukalisahau la pili, sasa ona linavyomwumiza mtoto wa watu.

nesi_wa_zamu: Nyongeza, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma tangu 2023 wanapandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye sikoseli. Sio kila mtoto anafaa, kwa kawaida anahitajika ndugu wa tumbo moja anayefanana naye kwa vipimo. Jina lako linasema una wawili. Usijenge matumaini makubwa, uliza tu kliniki.

MamaWawili_Mza: Wapendwa nimerudi, imepita wiki na siku kadhaa. Tumeruhusiwa Alhamisi. Dokta nilimwambia yote, hakunifokea, akaandika tu, dawa tumerudishiwa na tarehe ya kupima damu tumepewa. Habari ya Dodoma nimeuliza, wametuandikia vipimo vya mdogo wake.

Jumapili sikumpeleka. Nilienda mwenyewe kwa mchungaji nyumbani, nikamwomba ile klipu ifutwe kwenye magrupu na vidonge vyangu nirudishiwe. Alikaa kimya muda mrefu. Vidonge kanipa, klipu sijui kama itafutika. Sikumtukana, nilitetemeka tu. Kuhama au kutohama sijaamua, baba yake anataka tusali kule kwao kanisa la AIC kwa sasa, tutaona.

Mtoto nilimjibu juzi usiku. Nilimwambia kwanza mama alikosea kusema umepona wakati hatujui, nisamehe. Akashangaa, akaniuliza kwa hiyo naruhusiwa kusema naumwa? Nikamwambia hata katikati ya ibada. Halafu nikamwambia lile la sijui. Akafikiria, akasema basi leo aombe yeye. Akaomba kesho kuna mtihani wa hesabu, miguu isiume mpaka amalize. Nikaitikia amina, ndo amina yangu ya kwanza tangu mwezi wa tatu, ilitoka kwa shida ila imetoka.

Zaburi ya 88 naisoma. Sikoseli_34, ulichoandika nilimsomea baba yake, akaomba nimsomee tena.

Nesi naomba kuuliza, shuleni anywe maji kiasi gani? Mwalimu anamkatalia kutoka nje.

nesi_wa_zamu: Abebe chupa yake na anywe kidogo kidogo muda wote, siku za joto zaidi, asingoje kiu. Kiasi kamili kwa uzito wake uliza kliniki. Na waombe kliniki wakuandikie barua kwa mwalimu mkuu kwamba aruhusiwe chooni kila akiomba, hawa watoto mkojo wanaupata sana kwa sababu figo zao hazirudishi maji ya kutosha mwilini, sio utundu. Na sweta awe nalo kwenye begi hata kama asubuhi kuna jua.