Aliyeosha pikipiki kwa maji yetu ya kunywa kambini: mnamjua, mwambieni asinipigie simu

Dumu la Njano

Wakuu, mwakeye.

Naandika nikiwa hapa Kasulu mjini, simu ndiyo kwanza imeshika mtandao, vumbi bado limejaa puani na mikono inatetemeka. Sijaoga, sijala. Nikisubiri hasira zishuke nitaandika kwa adabu, na huyu mtu hastahili adabu.

Jina silitaji. Mnamjua. Yule wa pikipiki kubwa yenye masanduku ya bati pembeni, ambaye hajawahi kufika mahali bila kwanza kutafuta pa kusimama apigwe picha. Safari yoyote ya pikipiki na mahema mkoa huu yupo. Asipoalikwa, yupo.

Jana jioni huyu mtu ameosha pikipiki kwa maji ya kunywa.

Narudia, maana najua kuna aliyeruka mstari. Maji ya KUNYWA. Tuko juu mlimani, katikati ya msitu, kiangazi chote hiki, kijito cha karibu na kambi kimebaki tope na vyura. Maji yako bondeni kabisa. Nikashuka mimi na Boxer yangu, nikachota dumu la lita 20, nikalifunga kwenye keria kwa mipira ya tyubu, nikapanda nalo. Lita 20 ni kilo 20, wakuu, tena si kilo za gunia la mahindi zinazotulia mahali pamoja. Hizi zinacheza. Wewe unalala kushoto, zenyewe zinakwenda kulia. Njia ile ina kona ambazo mbuzi wa kule wanaomba dua kabla ya kupita. Gia ya kwanza mwanzo mwisho, klachi inanuka kuungua, na juu kuna watu saba ambao tangu mchana hawajaonja tone. Nimefika, nimelishusha dumu, nimeliweka kivulini chini ya mti, nimekwenda kuokota kuni.

Narudi na mzigo wa kuni kichwani, namkuta kachuchumaa, dumu kalilaza, anamimina kwenye rimu. Kwenye RIMU! Na sabuni katia. Povu linatiririka kuelekea kwenye hema langu.

Nikamuuliza, "Kaka, hayo maji unajua ni ya nini?" Hata kugeuka hakugeuka. Akanijibu, "Si maji tu, mzee."

Si maji tu.

Watu midomo imepasuka, sufuria ya ugali iko juu ya mafiga inangoja, povu linateremka mlima, na mtu anakuambia si maji tu! Halafu akaniomba nisogee kidogo, eti kivuli changu kinaingia kwenye picha. Wallahi mimi nimezaliwa Kigoma, nimekulia Kigoma, nimedharauliwa na mgambo, nimedharauliwa na makondakta wa mabasi, lakini sijawahi kuambiwa kivuli changu kinaharibu picha ya rimu iliyooshwa kwa maji niliyobeba mgongoni mwa pikipiki yangu.

Ugali haukupikwa. Tumetafuna dagaa wakavu bila kitu cha kushushia, na usiku kule baridi inapenya mpaka kwenye zipu ya hema. Chai hakuna. Mwenzetu mmoja alfajiri alikuwa analamba umande kwenye turubai. Na yeye mwenyewe? Alikuwa na chupa zake za maji ndani ya yale masanduku ya bati, tumezisikia zikigongana kila alipopekua.

Rimu jamani. Asinipigie, asinitumie salamu kwa mtu, na safari ijayo nikimwona tu bondeni nageuza pikipiki.

Mgebuka Mbichi

Nilipofika kwenye "masanduku ya bati" nikaacha kusoma. Ni yeye.

Mwisho wa Reli

Huyo huyo alishakuja na ekzosi iliyokatwa. Saa saba usiku, watu wamelala, yeye kaamka anapasha injini moto. Ndege wote wa ule msitu walihamia Burundi usiku ule na hawajarudi mpaka leo.

Kona Kali

Pole mkuu. Ila watu saba, dumu moja, na hilo moja unaliacha peke yake? Dumu la maji kambini unalala nalo.

Dumu la Njano

Kona Kali, kwa hiyo mwenye makosa ni dumu? Nilikwenda kuokota kuni za kumpikia na yeye pia! Aliosha rimu, kaka. Bora hata angeosha uso.

Spana Namba Kumi

Mimi ni fundi na kilichoniuma zaidi ni injini. Mmetoka kupanda mlima, chuma kinachemka, halafu mtu anamwaga maji ya baridi? Injini za kupozwa na upepo zinaachwa zipoe zenyewe kwanza. Chuma cha moto kikipata baridi ya ghafla kinaweza kupasuka au kupinda, na hapo usimlaumu fundi. Na kama aliosha na cheni kwa sabuni, basi ajue cheni inasafishwa kwa brashi na mafuta ya taa, unaifuta kwa kitambaa, unapaka oili. Iache na maji usiku kucha kwenye umande wa mlimani, asubuhi ina kutu. Mwambieni aje, spana zipo.

Mgebuka Mbichi

Fundi anatafuta wateja msibani.

Kashata Nyuma

Ninyi mna la maji, mimi nina la moto. Kuna mwingine, na huyo pia mnamjua, aliacha moto unawaka akaingia kulala. Kiangazi! Majani ya miyombo yamekauka mpaka yanalia ukiyakanyaga. Tumeamka usiku wa manane tunapiga moto kwa matawi mabichi na mablanketi. Blanketi langu la harusi limekwisha. Msitu ungeteketea mpaka mizinga ya watu, na faini ya hifadhi tungelipa sote. Asubuhi anatoka kwenye hema anajinyoosha, anauliza nani kamaliza kuni.

Dumu la Njano

Pole, lakini uzi huu ni wa maji.

Kashata Nyuma

Moto unazimwa na nini, mleta mada?

Asali ya Tabora

Sisi Tabora milima hatuna lakini adabu tunayo. Kwenye miyombo ukikuta mzinga wa mtu huugusi, ukikuta maji ya mtu huyagusi. Ninyi wa Kigoma mkipewa pikipiki mnasahau mlikolelewa.

Mwisho wa Reli

Tabora tulieni na maembe yenu. Mlima mnaoujua ninyi ni tuta la barabarani.

Asali ya Tabora

Na treni yenu ya kuja Kigoma inapita wapi? Mkileta maneno tunafunga njia.

Mgeni wa Ziwa

Samahani wakuu, mimi mgeni. Naweza kwenda na pikipiki mpaka Mahale nikalale kwenye hema huko juu? Nasikia kilele cha Nkungwe kina mita 2,462.

Spana Namba Kumi

Ndani ya hifadhi ya Mahale hakuna barabara. Watu wengi wanaingia kwa boti, wenye hela kwa ndege, na ukishafika ni miguu pamoja na askari wa hifadhi. Gombe nayo ni boti. Pikipiki iache kwa mwenyeji wako mjini, usiiache gesti.

Kona Kali

Na sokwe unakaa nao saa moja tu, tena na barakoa. Yule wa masanduku akipelekwa kule atawaambia sokwe wasogee wanamzibia picha.

Dumu la Njano

Angalau Kona Kali umekumbuka mada. Mtu kabeba maji, anaambiwa asogeze kivuli! Mimi nilidhani mtakasirika pamoja nami.

Mawese Safi

Tumekasirika, sasa na mimi nisikilizwe. Kuna mtu tulilala naye kambi moja kule juu akaazima pampu yangu ya tairi, akaondoka nayo. Mnamjua. Njiani nikapata pancha, hakuna kijiji karibu, nikafungua tairi la nyuma nikalishindilia majani makavu mpaka likajaa, nikatembea nalo hivyo hivyo pole pole mpaka barabara kubwa. Nimefika mgongo umelegea wote.

Spana Namba Kumi

Majani ni sawa kwa dharura, lakini usizidishe mwendo. Yanasagika, tairi linazunguka peke yake na rimu inapinda.

Mgebuka Mbichi

Pampu yenyewe ikoje? Kuna mtu juzi alikuwa anaitangaza sokoni Ujiji.

Mawese Safi

Ya kijani, ya mguu, mpini umefungwa waya.

Kona Kali

Subiri kwanza. Ya kijani, ya mguu, mpini umefungwa waya wa shaba?

Mawese Safi

Ndiyo! Umeiona wapi?

Kona Kali

Waya ule nimeufunga mimi kwa mkono wangu! Pampu ni yangu, wewe uliniazima tukiwa Manyovu ukasema unarudisha kesho yake. Kumbe umeshaibiwa na ulikuwa kimya!

Mawese Safi

Kaka, si uliniuzia?

Kona Kali

Kwa shilingi ngapi? Taja bei hapa mbele za watu.

Dumu la Njano

Wakuu, tulikuwa kwenye rimu.

Mwisho wa Reli

Mleta mada subiri kidogo. Mawese, taja bei.