Kuhamia Mombasa kutoka Kitale: kazi kwanza, nyumba kwanza, ama nije nikae kwa binamu?

MpishiWaKitale
Habarini watu wa Mombasa. Mimi niko Kitale, nimesomea upishi nikamaliza diploma mwaka juzi, na tangu hapo napika kwa hoteli ndogo karibu na stendi, mshahara haufiki 10,000 na mara nyingi unakuja nusu nusu. Nataka nije huko nitafute kazi ya jikoni kwa hizi hoteli za ufuoni. Ni mbali sana, zaidi ya kilomita 800, si safari ya kwenda ukaangalia ukarudi, kwa hivyo sitaki kukosea. Nimeweka akiba 45,000 na naona njia tatu. Moja nikae hapa nitume sivii mpaka nipate kazi ndio nihame. Ya pili nichukue bedsita saa hii, kuna ejenti nimempata mtandaoni ana moja Bamburi ya 7,500, picha ziko safi, taili nyeupe, anataka nitume ya mwezi mmoja na dipoziti ndio asimpe mtu mwingine. Ya tatu nije kwa binamu yangu Mikindani, anaishi chumba kimoja na mumewe na watoto wawili, amesema mwezi mmoja tutavumiliana. Mtoto wangu atabaki na mamangu kwanza. Wenye mmepitia hii njia nisaidieni.

MamaUtange
Dadangu hiyo 15,000 usitume. Nakuomba kabisa. Mimi nilitoka Bungoma 2019 na mtoto mgongoni, nilikuwa nimetuma 13,000 kwa mtu ambaye tulikuwa tunaongea naye kwa simu wiki mbili nzima, mpaka ananiuliza mtoto anaendeleaje. Nikashuka Bombolulu saa 12 asubuhi, nikampigia akaniambia ngoja hapo hapo dakika 5 nakuja, nikangoja, nikapiga tena, mteja hapatikani. Nilikaa juu ya begi langu kando ya barabara mpaka saa 4, jua limeshakuwa kali, mama anayeuza mahamri akaniuliza mwanangu unamngoja nani tangu asubuhi. Tulitafuta lile jengo pamoja. Lilikuwepo, hata geti na taili ni zile zile za picha, lakini keyateka, msimamizi wa nyumba, akasema hana nyumba tupu na huyo mtu hamjui. Yule mama wa mahamri ndiye alinilaza kwake siku tatu, na hadi leo namwita mama. Sasa usiniambie picha ziko safi.

DerevaWaKontena
Pole sana mama. Na hao bado wapo, mbinu ni ile ile, "kuna mtu mwingine anaitaka".

Mpishi, mimi nataka uelewe kitu kimoja ambacho watu wa bara huwa hawaambiwi. Usiulize nyumba nzuri iko wapi, uliza kazi itakuwa upande gani wa maji. Mji wenyewe ni kisiwa. Ukivuka daraja la Nyali uko kaskazini, ndio Kongowea, Kisauni, Bamburi, Shanzu, halafu unavuka daraja la Mtwapa unaingia kaunti ya Kilifi. Ukipitia Makupa uko Changamwe, Mikindani, Miritini, huko ndio yadi za kontena na viwanda na uwanja wa ndege na stesheni ya treni ya SGR. Kusini ni feri, Likoni, halafu uende Diani ambayo ni Kwale. Sasa mtu anapangisha Mikindani kwa sababu ni rahisi halafu kazi inatokea Shanzu, kila siku anapanda matatu mpaka Mwembe Tayari, stejini mjini, anapanda nyingine, anakaa kwa jemu, nauli mara mbili kwenda na mara mbili kurudi. Nimemuona jirani yangu akiacha kazi nzuri kwa sababu hiyo peke yake, kila mwisho wa mwezi akihesabu anabaki na mkopo.

KarimuWaTudor
Mimi naona tofauti kidogo. Njia ya kwanza msiitupe hivyo. Nilipata kazi nikiwa Nakuru, nikafanya intavyuu ya kwanza kwa simu, ya pili nikaja na basi la usiku nikarudi usiku huo huo, nikahama barua ikiwa mkononi. Sikulala njaa hata siku moja.

ShefuShanzu
Karimu ulikuja kufanya kazi gani? Ofisi si ndio? Hasibu anaweza kuajiriwa akiwa Nakuru, mpishi hapana. Mimi niko jikoni huku pwani mwaka wa 11 na sijaona mpishi wa chini akichukuliwa kwa sivii ya kutumwa. Shefu anataka akuone ukishika kisu. Anakupa gunia la vitunguu na sufuria ya kuoka, anakuangalia unavyopanga meza yako na kama unapangusa ubao kabla hujaambiwa, ikifika saa 6 mchana ameshajua.

Kitu kikubwa kwako ni wakati. Saa hii ni Septemba. Wageni wa Ulaya wanajaa kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, wakikimbia baridi ya kwao, na hoteli zinaanza kuongeza watu Novemba. Mvua za masika zikija, Aprili mpaka Juni, vyumba vinakuwa vitupu, hoteli zingine zinafunga kabisa na vibarua wanarudishwa nyumbani. Agosti panachangamka kidogo na likizo. Kwa hivyo ukija Aprili na hiyo 45,000 utaila yote ukizunguka mageti. Ukija wiki ya kwanza ya Novemba utapata angalau kibarua, na ukifanya vizuri Desemba wanalikumbuka jina lako. Ila kontrakti ya kwanza mara nyingi ni ya miezi michache, uliza inaisha lini na kama service charge, ile pesa ya huduma wafanyakazi wanayogawana, unapata ama ni ya walioajiriwa tu.

Beba vyeti vyako orijino, cheti cha mwenendo mwema, PIN ya KRA ya kodi, namba ya NSSF ya akiba ya uzeeni na ya SHA ya bima ya afya. Cheti cha afya cha kushika chakula ni lazima na kinaisha baada ya miezi 6, kwa hivyo usikitoe mapema sana. Na mtu yeyote akikwambia utume pesa ya yunifomu au ya medikali ili akuwekee nafasi, huyo ni ndugu yake yule wa nyumba.

MpishiWaKitale
@Karimu nimesikia, lakini kwa kweli nimetuma sivii 30 na zaidi tangu Januari na hakuna hata mmoja amejibu. Nilikuwa nafikiria ni mimi nina shida.

ShefuShanzu
Huna shida yoyote. Hazisomwi.

BintiLikoni
Na kusini je? Mbona hamsemi? Likoni vyumba ni rahisi, mimi nalipa 4,000, chumba kikubwa kwenye nyumba ya Kiswahili, tunachangia choo na ua na majirani ni watu wazuri. Feri kwa anayetembea kwa miguu ni bure. Shida ni asubuhi, ile kusukumana ukishuka rampu na mamia ya watu, na feri ikikwama umechelewa na bosi haelewi. Lakini ukipata kazi Diani huhitaji feri kabisa, unakaa Ukunda ama hata hapa Likoni unapanda matatu. Siku hizi hata kutoka upande wa Miritini kuna barabara ya Dongo Kundu inayotokea huku bila kupitia feri. Usiifungie akili Bamburi tu.

MamaUtange
Kweli kabisa. Na popote utakapoenda kuangalia nyumba, fungua bomba uonje maji. Wallahi onja. Sehemu nyingi hasa huku kaskazini maji ni ya kisima na yana chumvi, sabuni haitoi povu, chai ina ladha usiyoielewa, bomba lenyewe unaliona limeota kutu nyeupe na kijani. Maana yake kila siku unanunua maji ya kunywa na kupikia kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20, na maji yakiadimika bei inapanda. Nyumba ya 6,500 yenye maji ya chumvi inaweza kukugharimu kuliko ile ya 8,000. Mimi niliishi mwaka mzima nikifua nguo za mtoto na zinabaki ngumu kama karatasi.

Uliza pia tokeni za stima, kama una mita yako ama mnachangia na ploti nzima.

DerevaWaKontena
Kwa hivyo mimi ningekuwa wewe ningefanya ya tatu lakini nisiikamilishe. Njoo Novemba, lala kwa binamu, lakini usikae mwezi. Chumba kimoja watu wazima watatu na watoto wawili, kwa hili joto letu, mkifika wiki ya tatu mtakuwa mmeharibu undugu. Mpe binamu kitu kidogo cha unga na mafuta siku ya kwanza bila kuombwa. Zunguka mageti ya hoteli wiki mbili, ukipata kazi uliza basi la staff linapita wapi, hoteli nyingi zinalo, halafu tafuta chumba kando ya njia hiyo kwa miguu yako, ukiongea na keyateka mwenyewe mlangoni na ukipewa risiti.

KarimuWaTudor
Hapo sina la kupinga. Mimi nilikuwa na bahati ya kazi ya ofisi.

MpishiWaKitale
Asanteni sana, nimesoma kila kitu mara mbili, nimemsomea na mamangu. Huyo ejenti nilimwambia nitatuma binamu aone nyumba kwanza, akaniblok. Basi nakuja Novemba tarehe za mwanzo, na binamu nimemwambia ni wiki mbili, nimesikia hata yeye amepumua. Swali la mwisho, godoro na blanketi nibebe ama nitanunua huko? Basi wanalipisha mzigo.

MamaUtange
Godoro usibebe, tutatafuta pamoja Kongowea. Blanketi mwachie mama na mtoto, huku utalala na leso. Beba neti, na visu vyako vya kazi vifunge vizuri ndani ya begi linalowekwa chini ya basi. Ukifika Mwembe Tayari usiku usitoke stejini, kaa ndani ya ofisi ya basi mpaka kuche, halafu uniandikie hapa inboksi nije nikuchukue.

ShefuShanzu
Na viatu vya kufunga mbele, vyeusi. Ukija na sandali hata getini huingii.