Bekapu ya mipangilio ya ruta kupitia kivinjari, inatosha kweli?

Mwanamtandao88
Wakuu, salamu. Nina ruta yenye OpenWrt (mfumo huria wa kuendesha ruta), bado ipo toleo la 19.07. Ina VLAN tatu (mitandao iliyotenganishwa ndani ya ruta moja), WireGuard ya VPN, na skripti yangu inayoitwa kila usiku na cron, kile kipanga-ratiba. Nataka kupandisha toleo. Kwenye LuCI, yaani ukurasa wa ruta kwenye kivinjari, kuna kitufe cha bekapu, nikibonyeza napata faili ndogo ya tar.gz, kilobaiti chache tu, na huo udogo ndio unaonitia shaka. Kila kitu kimo? Na nikipata ruta nyingine, naweza kuipakia humo?

Kebo_Ndefu
Udogo usikutishe, ni maandishi matupu. Ruta nyingine: hapana.

Bi_Seva
Kebo_Ndefu kajibu kama telegramu, ngoja nimalizie. Faili hiyo inabeba mipangilio, haibebi mfumo. Imo /etc/config yote, zimo funguo za SSH (njia ya kuingia kwenye ruta kwa amri), imo ratiba ya cron. Programu ulizoongeza mwenyewe hazimo. Ukiirejesha kwenye mfumo mpya, mipangilio ya WireGuard itakuwepo lakini WireGuard yenyewe haipo mpaka uisakinishe.

Hiyo skripti umeiweka wapi? Kama ipo /root, haiingii. Cron itarudi, itaiita kila usiku, haitaikuta, na wewe hutajua. Kwenye ukurasa uleule wa bekapu kuna kichupo chenye kisanduku cha maandishi: andika humo folda unayotaka ibebwe, hifadhi, kisha fungua orodha ya faili uione kwa macho yako kabla ya kupakua.

Mwanamtandao88
Ipo /root kweli, dada. Na orodha ya programu naipataje?

Bi_Seva
Hapo kitufe hakisaidii, ingia kwa SSH:

sysupgrade -k -b /tmp/bekapu.tar.gz

Ndani utaikuta orodha kwenye /etc/backup/installed_packages.txt. Ihamishie kwenye kompyuta mara moja, maana /tmp inakaa kwenye RAM. Ruta ikizimika, imekwenda.

MzeeWaPaketi
Kijana, kwa 19.07 usipandishe huku umebeba mipangilio. Kuanzia 21.02, iliyotoka mwaka 2021, ruta nyingi zilihama kutoka swconfig kwenda DSA, njia mpya ya kusimamia swichi ya ndani, na VLAN zinaandikwa kwa namna nyingine kabisa. Ukimwaga bekapu ya zamani juu yake unajifungia nje. Ruta ya aina nyingine ni hivyohivyo, hata majina ya milango hayafanani. Fungua faili kwenye kompyuta uchukue vipande: Wi-Fi, anwani za kudumu ambazo DHCP inagawia vifaa. Faili ya network iandike upya kwa mkono.

Kwa ruta ileile, toleo lilelile, rejesha bila wasiwasi. Ila kurejesha hakufuti: faili zilizomo kwenye bekapu zinaandikwa juu ya zilizopo, zisizomo zinabaki. Ukitaka usafi, irudishe kwanza kwenye hali ya kiwandani.

Kebo_Ndefu
Na kivinjari kikiganda baada ya kurejesha, usikimbilie kubonyeza reset. Ulikuwa 192.168.1.1, bekapu inasema 192.168.10.1, basi ruta imehamia huko. Chomoa kebo, chomeka tena upate anwani mpya.

Mlinzi_wa_Lango
Mmesahau kwamba faili hiyo haijafungwa kwa nenosiri. Nenosiri la Wi-Fi limo wazi, ufunguo wa siri wa WireGuard umo wazi. Halafu kuna watu wanaiambatisha hapa wakiomba msaada! Ifunge kwa gpg au 7-Zip kwanza. Wenzetu wa pfSense, mfumo mwingine wa ruta, wana sehemu ya kuweka nenosiri palepale kwenye ukurasa wa bekapu, sisi tunajifanyia.

Mwanamtandao88
Asanteni. Skripti sasa inaonekana kwenye orodha. Mzee, faili ya firewall naweza kuichukua nzima?

MzeeWaPaketi
Chukua kanuni zako tu, na majina ya mitandao ndani ya kanda (zone) yalingane na uliyoandika kwenye network. Kama una amri za iptables kwenye firewall.user, ziache. Tangu 22.03 ngome (firewall) inatumia nftables badala ya iptables.