Kama hujui injini hii, sema hujui! Kava zangu zimeuzwa chuma chakavu na silinda imekufa

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nilimpa fundi injini nzima ya Volkswagen Beetle ya traiki yangu, akaivua nguo, yaani kava zake za bati, akaiua kabla haijamaliza kilomita kumi. Vile alivyoivua ameviuza kwa kilo kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Hakuniuliza, hakunipigia hata simu. Nilipomwendea, akaniambia injini ilikuwa imechoka tangu mwanzo.

Nianze mwanzo, asije mtu akasema nimeficha kitu.

Chombo chenyewe ni traiki. Si tuktuk, ingawa kila nikiisukuma nje watoto wa mtaa hupiga kelele "tuktuk ya Mzungu!" Mbele ni pikipiki, uma mrefu na usukani mpana. Nyuma ni Volkswagen Beetle: injini, giaboksi, ekseli na magurudumu mawili manene. Traiki nyingi za Ulaya na Marekani zilijengwa hivyo, kwa sababu injini na giaboksi ya Beetle hukaa pamoja huko nyuma. Ukizishusha zote mbili umeshapata nusu ya chombo. Fremu ya hii yangu ilichomelewa kwa mkono na mtu aliyejua kazi yake, na hakuna ya pili yake. Ililetwa Malindi na Mwitaliano aliyekuwa na nyumba upande wa Casuarina. Alipoondoka ikabaki chini ya banda la makuti miaka na miaka, kaskazi na kusi zikipishana juu yake na chumvi ikiila. Aliyeachiwa nyumba ndiye aliyeniuzia, logibuku ikiwemo.

Kazi yangu ni mafriji na AC za mahoteli. Injini sikuwahi kufungua kabla ya hii, ndiyo maana nilikwenda polepole. Kila kitu nilikipiga picha kabla ya kukigusa. Kila bolti niliitia kwenye kifuko na kuandika ilikotoka. Miezi minane, jioni kwa jioni, mke wangu akinishikia tochi. Breki za nyuma nilizifufua mwenyewe, ngoma zote mbili zilikuwa zimeganda. Nyaya nilizivuta upya kuanzia betri hadi taa. Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ni ile ya kava za bati, nazo ndizo kesi yangu.

Injini ya Beetle haina rejeta. Haina maji hata tone. Hupozwa na upepo na oili, na oili yenyewe ni lita mbili na nusu tu. Feni yake iko juu, imefungwa kwenye shafti ya dainamo, inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye puli ya krenki. Upepo wa feni unaingia kwenye kava kubwa, unateremkia silinda nne, na hapo ndipo zile kava ndogo zinapochukua kazi: zinaubana upepo usitoroke kando, zinaulazimisha kupita katikati ya mapezi ya silinda mpaka utokee chini. Nyingine zinatenga joto lililokwisha kutoka, lisipande juu likavutwa tena na feni. Ukizitoa, feni itazunguka na kelele yake utaisikia, lakini upepo utafuata njia nyepesi na silinda zitaoka. Ni kama AC iliyopasuka paipu ya hewa darini: mashine inanguruma usiku kucha na mgeni chumbani anatokwa jasho. Hili mtu wa mafriji hahitaji kuambiwa mara mbili.

Na silinda zote hazipati taabu sawa. Kwenye injini za zamani, kipozeo cha oili kilisimama ndani ya ile kava kubwa, kikaikinga silinda ya tatu isipate upepo wake kamili. Walikuja kukihamisha kwenye magari ya modeli ya 1971. Yangu ni ile ya zamani. Silinda ya tatu ndiyo iliyozihitaji kava zile kuliko nyenziwe.

Nilizikuta zimeliwa na kutu. Nilizisugua kwa brashi ya waya na msasa, mbili zilizotoboka nikazitia viraka, nikazipiga rangi nyeusi inayovumilia joto, nikazitundika kwenye kamba ya nguo zikauke. Jirani mmoja alisimama akaziangalia akasema zimekuwa kama zimetoka kiwandani leo. Siku ile nilifurahi sana.

Kilichobaki kilikuwa ringi za pistoni na kukalisha valvu. Hapo niliogopa kuharibu, nikatafuta fundi wa makamo mwenye gereji yake. Nilimwuliza kwa adabu zote, "Ami, injini hizi unazijua?" Akacheka. "Mwanangu, hizi nimekua nazo." Nikampa shilingi 45,000. Nikampa kava zote ndani ya sanduku. Nikampa na karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu: mpangilio wa silinda kuwaka 1-4-3-2, mwanya wa valvu milimita 0.15 injini ikiwa baridi, nati za hedi, zile za stadi (bolti zisizo na kichwa) za milimita 10, zisikazwe kuzidi nyutoni-mita 32. Karatasi aliitia mfukoni bila kuitazama. Ningepaswa kuubeba mzigo wangu pale pale.

Baada ya wiki mbili akasema injini imeshafungwa, anaomba aijaribu barabarani kidogo. Nilikuwa kazini, juu ya ngazi. Alasiri akapiga. "Mwanangu, kichombo chako kimezima huku, nimeshapita daraja la Sabaki."

Nilipanda boda nikafika. Traiki imesimama kando ya barabara ya Mambrui, harufu ya oili iliyoungua unaisikia kabla hujashuka. Nikainama nyuma. Silinda ziko uchi! Kava kubwa ya feni ipo, lakini za juu ya silinda hakuna, za chini hakuna, ya nyuma hakuna. Nikashika puli nizungushe krenki kwa mkono. Haikwenda.

"Ami, kava zangu ziko wapi?"

"Zile bati? Zilikuwa zinaibana injini. Hii injini ya upepo, sharti iachwe ipate upepo."

"Sawa, nipe basi, nitazirudisha mwenyewe."

Akanyamaza. Kijana wake ndiye aliyesema: zilichukuliwa na mtu wa chuma chakavu, pamoja na ringi kuukuu na makopo. Kilo nne hivi. Kilo nne za bati, jamani, pesa yake haifiki hata chai na mahamri ya watu watatu! Nilikwenda kwa yule mnunuzi usiku ule ule. Lori lilikuwa limeshaondoka kwenda Mombasa.

Tukaivuta kwa kamba, nyuma ya tuktuk, mpaka kwangu. Nikaifungua uani. Pistoni ya tatu imeng'ang'ania ukuta wa silinda, imeparuza kuanzia juu mpaka chini. Hiyo niliitarajia. Sikutarajia silikoni nyekundu ya kuzibia maungio kila mahali, na kipande chake kimekaa kwenye wavu wa oili kule chini, kinaziba kile kidogo kilichokuwa kikipoza. Wala sikutarajia stadi ya hedi kung'oka na uzi wake kutoka kwenye bloku. Bloku ya injini hii ni ya aloi ya magnesiamu, si chuma. Ni nyepesi na ni laini, ndiyo maana imeandikwa kipimo. Kijana aliniambia bosi wake alitia paipu kwenye mkono wa spana ili akaze vizuri. Karatasi yangu iko mfukoni mwake.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu ndilo linaloniuma. Niliichukua bloku nikaipeleka kwa kijana mmoja wa kuchomelea kule Maweni, hata ndevu hazijamjaa. Akaigeuza, akaikwaruza kwa ncha ya msumari, akaniuliza, "Kaka, hii si alumini, au siyo?" Nikamwambia ni magnesiamu. Akairudisha mikononi mwangu. "Sijawahi kuichomelea. Nasikia ikishika moto maji hayaizimi. Sitaki kula pesa yako." Akanielekeza kwa watu wa mashine Mombasa, wanaotoboa tundu upya na kutia bushi yenye uzi ili stadi ipate pa kushika. Maneno yale yalimchukua nusu dakika, na bloku yangu ikasalimika. Yule mzee mwenye gereji angeyasema maneno hayo hayo siku ya kwanza, ningemshukuru, ningekunywa naye kahawa, na injini yangu leo ingekuwa inanguruma. Kusema "sijui" hakumpunguzii fundi chochote. Mimi mteja hunikuta na AC ambayo sijawahi kuiona, namwambia nipe siku mbili niisome. Hakuna aliyewahi kunidharau kwa hilo.

Nimemdai anirudishie 45,000 au aninunulie pistoni na silinda. Amekataa. Nimekwenda kwa wazee wa mtaa, nikaambiwa mambo ya fundi na mteja ni ya kusameheana. Kusamehe nitasamehe, ila alipe kwanza.

NYONGEZA: Nimeona majibu yenu, na kuna jambo moja silikubali. Watu saba wameniambia nitupe injini hiyo, niweke ya Probox au ya pikipiki. Ya Probox inataka rejeta, na fremu hii haina pa kuiweka. Giaboksi yenyewe imetengenezwa kupokea injini ya Volkswagen, si nyingine. Namba ya injini imo kwenye logibuku. Na hata yote hayo yangekuwa mepesi, nisingefanya. Hii ndiyo injini iliyokuja nayo. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda Safari Rally na Volkswagen ya namna hii hii, isiyo na tone la maji, kwenye barabara zetu za tope na vumbi. Msiniambie haiwezi joto la Malindi. Inaweza, ikiwa na kava zake.

Aliyeuliza kama nitengeneze kava mpya kwa bati la kawaida: za juu labda, lakini zile mbili ndogo za chini, zinazokaa katikati ya kila jozi ya silinda, zina mikunjo ya kuufuata mwili wa silinda, na nyundo ya uani haiipati.

Kwa hiyo naomba. Mwenye Beetle iliyolala nyuma ya nyumba, Kilifi, Mtwapa, Mombasa, hata Voi, anitazamie: kava mbili za juu, kulia na kushoto, zile mbili ndogo za chini, na ile ya nyuma inayozunguka puli. Kutu si neno, hiyo naiweza. Nisingependa zilizokatwa. Na kama uko karibu na yadi ya chuma chakavu Mombasa na umeona bati za rangi nyeusi mpya, mbili zina viraka kwenye pembe, hizo ni zangu. Niandikie hapa hapa, nitakuja mwenyewe na pesa mkononi.