Nimelipa laki mbili na arobaini kubadilishiwa vifaa vya gitaa la besi, nimefungua nyumbani nimekuta vile vile vya zamani

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kwaya yetu ya vijana huku Mbagala ilichangishana miezi mitano, elfu mbili mbili, wengine elfu moja moja, tukanunua besi ya bei ya chini Kariakoo kwa laki tatu na themanini. Ni nakala ya Precision Bass, besi maarufu ya Fender, yenye pikapu (kile kifaa cha sumaku na koili kinachonasa sauti ya nyuzi) ya pili ya mtindo wa Jazz, besi nyingine ya Fender, karibu na daraja, yaani kile chuma kinachoshikilia nyuzi mwilini. Tulijua tunanunua nini. Shingo ilikuwa imenyooka, funguo zinashika tyuni, mwili mzito wa kutosha. Kasoro zilikuwa mbili tu: ilikuwa inanguruma hata usipoipiga, na kitasa cha sauti ukikizungusha hakifanyi chochote mpaka ufike mwishoni kabisa, halafu sauti inakatika ghafla. Sasa fikiria mchungaji anaomba, kanisa kimya, halafu spika inanguruma nyuma yake. Mara mbili nimeangaliwa kwa jicho ambalo silisahau.

Nikaipeleka kwenye duka la vyombo vya muziki lenye fundi wake. Silitaji jina. Fundi akaiwasha, akasikiliza sekunde chache, akaandika: pikapu mpya 150,000, volyumu (vile vifaa vya ndani vinavyozungushwa na vitasa) tatu za A250K 45,000, kapasita 15,000, ufundi 30,000. Jumla 240,000. Hela ya kwaya. Mweka hazina alinikabidhi akiwa amezifunga na raba, noti nyingi za elfu mbili, na nikalipa zote siku hiyo hiyo kwa sababu niliambiwa vifaa vinaagizwa.

Siku ya tisa nikaitwa. Pikapu nyeusi zinang'aa, nikafurahi. Jumapili nikachomeka, mngurumo ule ule. Tena ulikuwa umezidi. Zamani nikishika nyuzi kwa kiganja mngurumo ulikuwa unapungua. Sasa nikishika nyuzi hakuna kinachobadilika, ila nikigusa chuma cha jeki, pale unapochomeka waya wa spika, unapungua. Kwa wasiojua, hiyo maana yake ni moja: waya wa ethi, ule wa kutuliza mngurumo, unaotoka ndani kwenda kwenye daraja umekatika. Yaani nimelipa kutengenezewa, nikarudishiwa gitaa bovu kuliko nililopeleka.

Jumatatu usiku nikalegeza nyuzi, nikatoa skrubu kumi na tatu za lile kava la plastiki la mbele, nikaligeuza. Hapo ndipo miguu iliniisha nguvu.

Mwezi Machi, kabla ya yote haya, niliwahi kulifungua kwa kutaka kujua tu na nikapiga picha kwa simu. Kwenye picha ile, mgongoni mwa volyumu ya kwanza kuna tone la risasi limechomewa vibaya, limevutika mkia, na unywele mmoja wa waya mweupe umechomoza pembeni. Nikaweka simu kando ya kava. Tone lile lile. Mkia ule ule. Unywele ule ule wa waya, umeelekea upande ule ule. Chini ya volyumu zote tatu pamegongwa maandishi B500K, wala si A250K niliyolipia. Volyumu kubwa za A250K zina shingo nene ambayo haipiti kwenye matundu ya kava hili bila kuyapanua kwa tupa. Matundu hayajaguswa. Kapasita ni kile kisahani kidogo cha rangi ya udongo, ukubwa wa punje ya dengu, kimeandikwa 473, kama kwenye picha.

Na pikapu? Walibadilisha makava yake tu. Nimevua yale makava meusi yanayong'aa, ndani ni koili zile zile, chini zina alama ya kalamu ya bluu ya kiwandani ambayo nayo ipo kwenye picha yangu ya Machi. Laki na nusu kwa vifuniko vya plastiki! Waya wa daraja wameukata wao wenyewe walipokuwa wanachomoa pikapu kuzivisha makava, na hawakuhangaika kuurudisha.

Nilipowapigia, fundi hakukana wala hakukiri. Alisema, "Kijana, gitaa la bei rahisi halitengenezeki, nunua la maana." Wakuu, hilo neno limeniuma kuliko hela. Kwa sababu ni uongo, na ndio uongo wanaojifichia. Besi ya aina hii ndani hakuna siri. Mtengenezaji wa Kimarekani aitwaye Leo Fender aliitoa Precision mwaka 1951, na ile pikapu iliyogawanywa vipande viwili ikaja mwaka 1957, vipande vimezungushiwa waya kinyume ili mngurumo ujifute wenyewe. Mpaka leo ndani ni pikapu, vitasa, kapasita moja na jeki. Redio ya mbao ya babu ina mambo mengi kuliko humo.

Nimeitengeneza mwenyewe kwenye meza ya kulia, kwa pasi ya kuchomelea ya wati 40 niliyoazima kwa fundi redio wa mtaani kwetu. Waya mpya kutoka mgongoni mwa volyumu hadi chini ya daraja, ncha nikaimenya sentimita tatu, nikaitandaza, nikakaza daraja juu yake. Kazi ya dakika kumi. Kisha, ili kuzuia mngurumo, nikabandika shimo lote la ndani karatasi ya shaba yenye gundi, kila kipande kikipanda juu ya mwenzake, nikachomea tone la risasi kwenye kila kiungo na kuunganisha yote na ethi. Hapa chukueni tahadhari: waya hai wa jeki ukigusa ile shaba, sauti inakufa kabisa. Nilizungushia utepe wa umeme.

Volyumu za A250K nimeagiza, nikapanua matundu kwa tupa ya duara, taratibu, maana plastiki inapasuka ukiharakisha. Herufi A ndiyo yenye maana: inapandisha sauti kwa namna sikio linavyosikia. Ile B ndiyo iliyokuwa inafanya sauti ikatike ghafla mwishoni. Kapasita sikuibadilisha. Hiyo 473 ni 47 na sifuri tatu, pikofaradi 47,000, yaani maikrofaradi 0.047, ndiyo thamani inayotakiwa. Ilikuwa nzima tangu kiwandani. Walinitoza 15,000 kwa kitu ambacho hakikuwa na ubaya wowote.

Nyuzi walikuwa wameziacha juu, milimita nne kwenye freti ya 12, yaani kile kichuma cha 12 kinachokatiza shingo. Vidole vya yule dogo ninayemfundisha vilikuwa vinatoka malengelenge. Nimekaza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, nikasubiri mpaka kesho yake, nikapima, kisha nikashusha vikalio vya nyuzi darajani. Sasa uzi mnene uko milimita 2.5, mwembamba 2. Vifaa vyote, shaba, waya na volyumu tatu, havijafika elfu hamsini.

Jumapili iliyopita tumepiga. Mchungaji aliomba, na nyuma yake palikuwa kimya. Mapambio yalipofika kwenye sebene nilipandisha sauti kidogo kidogo, na kitasa kikatii.

Lakini hasira haijaisha, kwa sababu mimi nilikuwa na picha. Wangapi hawana? Ni kwaya ngapi za pembezoni zimelipa kwa makava ya plastiki, zikaambiwa gitaa lao ni la bei rahisi, zikaanza kuchangisha upya? Mkipeleka gitaa kwa fundi, lifungueni kwanza mpige picha za ndani, na mdai mrudishiwe vifaa vya zamani mkononi siku ya kuchukua. Fundi aliyebadilisha kweli hana sababu ya kukataa.

Jumamosi hii narudi dukani na risiti, zile picha, yale makava ya pikapu na mweka hazina wetu. Nadai 240,000 yote. Aliyewahi kurudishiwa hela na duka la namna hii aniambie alianzia wapi: serikali ya mtaa, polisi, au alisimama tu pale kaunta mpaka wakachoka?