Breka za 220 kV za GIS Arusha: mwinuko wa mita 1,400 unabadilisha nini kwenye masharti ya kiufundi?

volti_sakina
Wakuu, habari za kazi. Naandaa masharti ya tenda ya breka (swichi za kukata mkondo) za 220 kV kwa kituo cha kupoza umeme cha GIS, yaani vifaa vimefungiwa kwenye matenki ya gesi, ndani ya jengo, hapa Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Rasimu niliyopewa iliandikwa kwa ajili ya pwani: kifaa cha 245 kV (volti ya juu kabisa ya kazi), msukumo wa radi 1,050 kV, jaribio la dakika moja 460 kV, gesi ya kuhami ya SF6 ijazwe hadi 0.60 MPa. Wapo wanaotaka uhami wote upandishwe daraja kwa sababu ya mwinuko. Wengine wanasema gesi imefungiwa, mwinuko hauhusiki kabisa. Nifuate lipi?

gesi_kavu
Mkuu, ndani ya tenki hakuna kinachobadilika. Kinachozuia umeme usiruke ni msongamano wa SF6, na hewa ya nje haiugusi. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62271-1 kinasema wazi kwamba uhami wa ndani hauhitaji marekebisho, mwinuko uwe wowote. Ukidai tenki la daraja la juu zaidi, 1,175 kV, utalipia chuma cha bure.

Bushi za kutokea hewani (vihami vinavyopitisha waya kutoka tenkini), pale laini inapoingia, ni habari nyingine. Hewa ikiwa nyepesi, uwezo wake wa kuzuia hupungua. Ukipita mita 1,000 unazidisha kwa e^((H−1000)/8150), H ikiwa mwinuko kwa mita. Kwa mita 1,400 unapata 1.05, hivyo 1,050 inakuwa 1,103 kV, na 460 inakuwa 483 kV. Kiwango sanifu kinachofuata ni 1,175 kV, basi bushi ziandikwe hivyo, na nafasi za hewani kati ya fezi zifuate. Laini zote zikitoka kwa kebo, sharti hilo lifute. Moshi mjini hapafiki mita 1,000, kwa hiyo kule rasimu yako ingepita ilivyo.

geji_na_vali
Nakubaliana na gesi_kavu, ila mwinuko unaingia tena kwa mlango wa uani: kwenye geji.

Hiyo 0.60 MPa ni ya aina gani? Pwani, geji ikisoma 0.60, presha kamili ndani (ya geji ukijumlisha na ya hewa) ni 0.70. Arusha hewa ina takriban 86 kPa tu badala ya 101. Geji iliyo wazi kwa hewa itasoma 0.615 kwa gesi ileile. Fundi akijaza hadi 0.60, ndani panakuwa na 0.685, pungufu kama asilimia 2, na kengele ya gesi pamoja na kufuli la breka (linaloizuia isifanye kazi gesi ikipungua mno) vitachelewa kwa kiasi hichohicho. Msongamano wa kufuli ndio wa mwisho ambao breka imethibitishwa kukata mkondo wa hitilafu. Chini yake aki (umeme unaoruka kati ya kontakti zikiachana) inaweza isizimike.

Kwa hiyo andika presha zote kwa thamani kamili, kwa nyuzi 20. Dai kipima msongamano kinachofidia joto, chenye chumba cha rejea kilichozibwa, na vali ya kukipimia bila kukifungua kwenye tenki. Baadaye fundi akileta geji ya mkononi iliyo wazi, tofauti ya 0.015 isimfanye atoe gesi. SF6 hupasha dunia zaidi ya mara 23,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Uvujaji nao uwekewe ukomo wa asilimia 0.5 kwa mwaka kwa kila chumba.

volti_sakina
Nimewaelewa, ahsanteni. Unyevu je? Rasimu inasema "nukta ya umande isizidi −5" basi, yaani nyuzi ambazo mvuke ndani ya gesi huanza kuganda.

geji_na_vali
Ongeza maneno "kwa presha ya kujazia". Vipimo vingi hushusha gesi hadi presha ya hewa kabla ya kupima. Kwa 0.70 MPa, −5 ni sawa na takriban −27 ikipimwa kwa hewa ya Arusha. Ripoti ikionyesha −20 inapendeza machoni, lakini ndani ya tenki ni juu ya sifuri: maji, si barafu, na maji juu ya kihami ndiyo yanayopitisha umeme. Masalia ya aki yakikutana na unyevu huo hutengeneza HF, asidi inayokula vihami na chuma.

koili_mbili
Usisahau breka yenyewe. Mfuatano uwe O–0.3 s–CO–3 min–CO (O ni kufungua, CO ni kufunga na kufungua papo hapo), na kila fezi iwe na mtambo wake kwa laini zinazojifunga tena fezi moja. Daraja M2, yaani operesheni 10,000 za kimitambo, na C2, yaani uwezekano mdogo sana wa kuwaka upya ikikata mkondo wa chaji. Hiyo C2 usikubali ipunguzwe: laini ndefu isiyo na mzigo hubaki na chaji, na nusu mzunguko baadaye volti kati ya kontakti hufika karibu mara mbili ya kilele. Breka dhaifu itawaka upya.

Koili za kufungulia ziwe mbili, kila moja na DC yake, zifanye kazi kuanzia asilimia 70 ya volti. Ya kufungia, kuanzia 85. Kwenye makabidhiano, fezi zisipishane zaidi ya 3.3 ms zikifunguka na 5 ms zikifunga. Ukinzani wa njia kuu usizidi mara 1.2 ya ule wa kiwandani, kwa hiyo dai karatasi za kiwandani zije pamoja na mzigo. Transfoma za volti na vizuia radi vitengwe kabla ya jaribio la volti ya juu.

Halafu mtaro wa kebo chini ya jengo: SF6 ni nzito mara tano ya hewa na hutuama humo. Weka kitambua gesi karibu na sakafu na feni ya kunyonya kutoka chini, kwenye tenda hiihii, maana wa majengo hatalijua hilo.