Nimelipa 3,600,000 kujengewa "chumba kisichotoa sauti" hapa Mtwara, na jirani bado anahesabu mapigo ya dramu akiwa kitandani

Ndugu zangu, nimekaa na jambo hili tangu mvua zilipoanza hadi zilipokatika, nikidhani fundi aliyenijengea ni muungwana na atarudi kurekebisha kazi yake. Hakurudi. Sasa nalitoa hadharani. Jina lake silitaji, lakini namna alivyofanya kazi nitaieleza yote, kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyepigwa changa hili la macho.

Baada ya kupokea malipo ya korosho za shamba letu la Nanyamba, nilikubaliana na fundi mmoja aigeuze stoo ya nyuma ya nyumba yangu, hapa Chuno, iwe chumba cha mazoezi ya muziki. Stoo hiyo ina mita 3 kwa 4. Mimi napiga gitaa la besi kanisani, kijana wangu anajifunza dramu, na hatua kama kumi na mbili kutoka ukutani kwangu anaishi muuguzi wa zamu za usiku, ambaye mchana ndio usiku wake. Nilimweleza fundi haya yote kabla ya kutaja bei, nikamwonyesha hata dirisha la chumba anacholala huyo dada. Akaniambia, "Mzee wangu, ukishafunga huo mlango, hata ukilipua baruti, walio nje watadhani umekohoa." Nikalipa 2,500,000 mwanzoni na salio siku ya makabidhiano.

Siku ya kwanza kijana alipiga kwa dakika kumi na tano hivi. Hodi ikabishwa. Jirani alikuwa amesimama barazani, kanga begani, macho mekundu. "Shikamoo, Mwalimu. Samahani, hicho chumba kimeshakamilika au bado kinajengwa?" Aliuliza kwa adabu kabisa, na adabu hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko matusi.

Nilichojengewa ni hiki: kuta zote nne zimebandikwa trei za mayai kwa gundi, na juu ya trei ikapigwa sponji ya sentimita tatu iliyofunikwa kitambaa chekundu. Hiyo ndiyo kazi. Siku ya kukabidhi alinisimamisha katikati ya chumba, akapiga kofi moja, akanitazama kwa fahari. "Umesikia mwangwi?" Kweli sikuusikia, nami nikatia saini kama mtoto. Kumbe jaribio lenyewe ndilo lililonidanganya. Sauti kutovuma ndani ya chumba ni jambo moja, na sauti kutotoka nje ya chumba ni jambo jingine, na fundi anayejiita mtaalamu wa kazi hii akishindwa kuyatofautisha hayo mawili hana haki ya kupokea hata senti. Sponji humeza mwangwi wa sauti nyembamba, kama kofi au upatu wa dramu. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la besi hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Mbele ya wimbi kama hilo, sponji ya sentimita tatu ni chandarua kilichotundikwa kuuzuia upepo wa kusi.

Kinachozuia sauti isitoke ni uzito, kuzibwa kwa mianya yote, na kutenganisha kuta za ndani na za nje ili mtikisiko usivuke. Uzito nao hauna huruma, kwa maana ukiuzidisha mara mbili unapata nafuu ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi tu. Ukuta wangu ni wa tofali za saruji za inchi sita, uliopigwa lipu pande zote mbili, na mita moja ya mraba ya ukuta wa namna hiyo hukaribia kilo 300. Kwa maneno mengine, kitu pekee kinachofanya kazi katika chumba hiki ni kile nilichokuwa nacho kabla fundi hajafika, na ndicho alichoamua kukipamba.

Dari hakuigusa. Niliweka ngazi, nikatoa ubao mmoja wa jipsam, nikamulika kwa tochi. Ukuta unaotenganisha stoo na vyumba vingine unaishia usawa wa dari; juu yake ni kenchi, popo wawili, na uwazi mmoja kutoka chumba changu cha kulala hadi kwenye fishabodi, yaani ubao wa ukingo wa paa, ambako niliona mwanga wa nje na kusikia kabisa redio ya jirani. Ubao wa jipsam wa darini haufiki kilo 10 kwa mita ya mraba. Sauti ya dramu inaupenya, inagonga bati, inashuka nje kupitia mapengo ya ukingo wa paa, na inaingia moja kwa moja katika dirisha lile lile nililomwonyesha kwa kidole. Ilitakiwa dari ya pili inayojitegemea, jipsam ya tabaka mbili ambazo maungio yake hayakutani, na juu yake sufi ya mawe, yaani nyuzinyuzi za mawe zinazomeza sauti. Nilipomuuliza, alisema dari haikuwa kwenye makubaliano. Sijui alidhani sauti huishi ukutani kama mjusi.

Mlango aliuacha ule ule wa flashi, mwepesi, wazi kwa ndani. Kidole changu cha kati kinapita chini yake bila kugusa popote. Kisha, tulipolalamika kwamba chumba ni tanuri (na Desemba ya Mtwara mnaijua, jasho linatiririka hata ukiwa umekaa kimya), alikuja na tindo, akatoboa ukuta ulioelekea kwa jirani tundu la sentimita 30 kwa 30, akaweka feni. Narudia: ukuta ulioelekea kwa jirani. Ukuta uwe mzuri namna gani, ukiwa na uwazi wa asilimia moja tu ya eneo lake hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20. Hewa ni lazima, sikatai, lakini hupitishwa katika sanduku la mbao lenye njia ya kupindapinda iliyotandikwa sufi ndani, ili upepo upite na sauti ichokee njiani. Seremala yeyote angelitengeneza kwa siku mbili.

Trei za mayai ni karatasi. Kufikia Februari zilikuwa zimeota ukungu kwa unyevu, na nilipobandua moja nyuma ya ngoma kubwa nilikuta mchwa wameshachora njia yao ya udongo hadi kwenye fremu ya mlango.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi ni moto. Sponji ya magodoro hushika moto upesi mno na moshi wake ni sumu. Mwaka 2003, katika ukumbi wa muziki huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani na watu 100 wakapoteza maisha. Mwaka 2013 sponji ya namna hiyo hiyo iliua watu 242 katika ukumbi wa Santa Maria, Brazil. Mimi nilikuwa namfungia mwanangu ndani ya kitu hicho, pamoja na amplifaya inayopata moto na waya wa umeme uliopitishwa nyuma ya kitambaa, penye mlango mmoja. Nimeing'oa yote kwa mikono yangu.

Madai yangu ni mawili. Arudishe 1,800,000, ambayo ni nusu, au aje azibe tundu, ajenge dari na afunge mlango mzito wenye raba kuzunguka fremu, kwa gharama yake. Nikipiga simu anasema yuko saiti Masasi. Wiki iliyopita nilimwona sokoni akichagua papai. Nimeshapeleka shauri kwa mwenyekiti wa mtaa, naye amemwita mara mbili bila mafanikio, na hatua inayofuata ni baraza la kata.

Kama kuna mwingine aliyejengewa chumba cha kitambaa chekundu na mtu huyu, iwe hapa Mtwara au Lindi, naomba aje na risiti zake. Kwa sasa tundu nimeliziba kwa tofali na zege, dramu zimefunikwa shuka, na kijana anafanyia mazoezi juu ya kipande cha tairi.